Ukwasi wa Benki ya Samaki

Jumanne, 9 Septemba 2025

Friza imefika! Ndefu, nyeupe, ina mifuniko miwili. Imetoka kwenye hoteli moja ya Pasiansi iliyofunga milango. Wabebaji wanne walihema kuipandisha, maana kilima chetu hapa Kirumba ni mawe matupu. Mmoja akaniuliza kama humo ndani kuna mtu. Hajui ameshika nini. Ameshika historia!

Wazo ni langu mwenyewe, sikuliiba popote. Kina mama wa mwaloni, soko letu la samaki ufukweni, jioni hubaki na samaki, na kwa kuogopa wasiwaozee wanawauza kwa bei ya kutupa. Sasa basi! Watawaweka kwangu. Siku wakiwataka, wanawachukua. Hiyo inaitwa amana. Na samaki wakiwa wamelala humo bure, mimi nawakopesha wachoma samaki. Mchomaji anachukua kumi, anarudisha kumi na mmoja. Huyo mmoja ni wangu. Hiyo inaitwa benki.

Nani anaijua benki kunishinda? Miaka sita nimekaa benki. (Mlangoni, nikigawa namba za foleni. Lakini mlango nao ni sehemu ya benki.) Siri yao nimeiona kwa macho yangu: watu wanaweka, wanaweka, na hawaji wote siku moja kutoa. Basi. Hayo mengine yote ni tai na kiyoyozi.

Antoni fundi rangi ameshaandika kibao. Herufi nyekundu: BENKI YA SAMAKI. Chini yake: MENEJA FAISAL. Kimependeza mpaka nilitaka kulia.

Ngosha, muuza barafu wa ng'ambo ya barabara, alitoka kwenye kibanda chake akakisoma kwa sauti, herufi moja moja, mpaka watu wakajaa. Halafu akauliza kama samaki nao watapewa kadi. Watu wakaangua kicheko. Kijicho tu! Mtu anauza maji magumu, ananicheka mimi.

Mwaija, mke wangu, amesema yeye hayumo. Sawa. Atakuwamo tukinunua friza ya pili.

Jumatano, 10 Septemba

Wateja! Wa kwanza alikuwa Dorotea, mwenye meza kubwa mwaloni na sauti inayosikika Ukerewe bila simu. Nimempa visoda, vile vifuniko vya chupa za soda, samaki mmoja kisoda kimoja. Akija na kisoda, anapewa samaki. Aliuliza kama atarudishiwa wale wale wake. Nikamweleza kitaalamu kwamba sato ni sato. Alinitazama sana, lakini aliweka.

Mchana akaja mama mkwe. Bi Maulida! Nikamwamkia shikamoo mama. Akaitikia marahaba huku anaitazama friza, si mimi. Najat, mdogo wake Mwaija, anaolewa Jumamosi ya tarehe 20. Wakwe wanatoka Tabora. Bi Maulida ameshawatangazia kwamba kwake hawali nyama, nyama hata Tabora ipo. Kwake watakula sato wa ziwani, kila mtu na wake mzima kwenye sahani. Kaleta beseni juu ya beseni. Sato wanene, wana mashavu kama watoto wa mjini.

Kabla hajaondoka akasema neno. Samaki hao wakipungua siku ya shughuli, aibu hiyo hataibeba peke yake. Mwaija anarudi kwao na watoto, na mimi nitafute mwanamke anayekula visoda.

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Ijumaa, 12 Septemba

Siku ya mshtuko.

Kuna dada anaitwa Queen, kapanga nyumba ya tatu kutoka kwetu. Mpole, ana miwani, anatembea na mwavuli hata jua likizama. Leo alisimama chini ya kibao changu kwa muda mrefu. Nikadhani anataka kitoweo. Nikamkaribisha kwa heshima zote za meneja.

Akaniuliza kama nina leseni. Nikamwambia ninayo, ya genge la nyanya, muda wake haujaisha. Akauliza samaki wangu mimi mwenyewe humo ni wangapi, wa kuniumiza mimi kwanza mambo yakiharibika. Nikamwambia hakuna, mimi mtaji wangu ni akili. Kisha akauliza ukwasi wangu ukoje.

Hapo nilifurahi! Watu wa hapa hawana adabu ya kumuuliza mtu utajiri wake kwa lugha nzuri namna hiyo. Nikamwambia nashukuru Mungu, ukwasi upo. Friza hii hapa. Viatu vya ngozi jozi mbili. Shamba la urithi Misungwi, ingawa lina kesi.

Akakohoa. Kikohozi kirefu, kafunika uso kwa mwavuli. Halafu akanieleza kwamba kwao kazini ukwasi si viatu. Ukwasi ni hivi: wenye visoda wote wakija kesho asubuhi, samaki wa kuwapa papo hapo wapo? Nikamwambia hawawezi kuja wote. Akasema kila meneja anasema hivyo, mpaka siku wanapokuja.

Nikauliza kwao kazini ni wapi. Benki Kuu! Yarabi toba! Kazi yake ni kukagua mabenki! Wanaingia, wanafungua, wanauliza nani kakopeshwa kikubwa na kama ni ndugu yake meneja. Moyo ulinishuka mpaka kwenye kandambili. Nikachomoa sato mnene kuliko wote, nikamfungia kwenye gazeti, nikamwambia ni wa ujirani. Alikataa kama nimempa nyoka. Wao hawapokei kitu kwa mtu wanayemwangalia.

Lakini, alhamdulillah, hakunikamata. Alisema samaki si kazi yake, wana watu wao. Kinachomhusu yeye ni lile neno pale juu. Neno benki lina mwenyewe. Bila leseni haliandikwi hata kwenye banda la kuku. Nilifute. Akaniachia na ushauri wa bure: kila benki huweka sehemu ya amana zake kule Benki Kuu, mahali ambapo mkono wa meneja haufiki. Na mimi nitafute mahali kama hapo.

Mwaija alikuwa anafua pembeni. Aliacha kufua akasikiliza mpaka mwisho. Mimi hajawahi kunisikiliza hivyo.

Mahali ambapo mkono wa meneja haufiki! Sasa meneja ni wa nini? Kibao nitakifuta, lakini kwa wakati wangu.

Jumapili, 14 Septemba

Kuna mwizi.

Jana jioni friza ilijaa mpaka mfuniko unagoma. Leo mfuniko unajifunga wenyewe. Sato wanene ndio wanaopungua, wembamba wapo. Mwizi mwenye macho!

Nimemhoji paka. Nimemhoji Antoni, akaapa kwa jina la mama yake. Nikavuka barabara kumtazama Ngosha usoni. Alikuwa amekalia sanduku lake la barafu, lile kubwa, ananichekea. Akaniuliza hali ya ukwasi. Nani kamwambia neno hilo?

Mwaija anasema huenda nimehesabu vibaya. Nimemwambia aliyefanya kazi benki hahesabu vibaya. Akasema kweli, namba za foleni sikuwahi kukosea.

Leo nimemwaga majivu sakafuni kuzunguka friza. Tutaona nyayo.

Jumanne, 16 Septemba

Nyayo zimeonekana! Kandambili ndogo, ya kushoto imelika kisigino. Nimemchunguza Ngosha siku nzima. Anavaa buti. Lakini mjanja hashindwi kuazima kandambili. Mwaija alipita na ufagio akafuta ushahidi wote. Nikafoka kweli. Akasema yeye hawezi kuishi kwenye majivu kama kiazi.

Basi nimetumia akili. Samaki akiwa ndani anaibiwa. Samaki aliyekopeshwa haibiwi! Nimemwita mdogo wangu Abeid na pikapu yake. Tangu daraja la Busisi lifunguliwe, yeye kila siku ni kuvuka tu, hakuna tena kukaa kusubiri kivuko. Nimemkopesha karibu wote. Atawapeleka Geita, keshokutwa anarudi na kumi na mmoja kwa kila kumi. Mama mkwe anawataka wake Ijumaa jioni. Muda upo, tena unabaki.

Ndiyo, ni ndugu yangu. Nilikumbuka miwani ya Queen, nikaigeuzia mgongo. Nisipomwamini ndugu, nimwamini nani? Ngosha?

Tatizo dogo: friza tupu inaonekana tupu. Nimeokota mawe nyuma ya nyumba, Mwanza hatuna shida ya mawe, nikayapanga chini, juu yake nikatandaza sato waliobaki. Friza imejaa! Ukifungua, unaona samaki. Hayo ndiyo mabenki, bwana. Watu wanatazama juu tu.

Alhamisi, 18 Septemba

Niandike nini? Nimeketi chini. Niko hai. Nianze na hilo.

Asubuhi nilimuona Queen na mwavuli wake akitazama kibao. Nikamwita Antoni haraka. Antoni anatoza kwa herufi, nami si mtu wa kutupa herufi. Nikamwambia aiondoe K peke yake, aweke CH. BENCHI YA SAMAKI. Benchi halina leseni. Akapanda ngazi, akaikwangua K, halafu akashuka kwenda kunywa chai na chapati.

Ni chapati hizo zilizoniua.

Dorotea alikuwa anapita na beseni kichwani. Akaiona ngazi. Akaliona tundu katikati ya neno. Akamuuliza Antoni pale mgahawani kulikoni, na Antoni, mdomo umejaa, akasema benki inafutwa.

Inafutwa! Alimaanisha kwa msasa! Lakini hapa mjini benki ikifutwa kila mtu anajua maana yake. Dorotea aligeuka na sauti yake ile. Kabla chai haijapoa, mwaloni wote ulikuwa mlangoni kwangu. Ndoo, mabeseni, visoda vinalia mikononi. Wote. Siku moja. Asubuhi moja!

Nikasimama kwenye kiti nikawaambia benki ni imara. Hakuna maneno mabaya kuliko hayo. Walisukumana zaidi. Nikatangaza foleni, nikaanza kugawa namba, maana hiyo kazi naijua. Nikawa nalipa polepole, samaki mmoja mmoja, nampangusa, namsifu, namuuliza mteja habari za watoto. Nikitazama barabarani kama Abeid anakuja. Abeid wapi! Simu yake inasema haipatikani.

Tabaka la juu likaisha. Dorotea akatia mkono mwenyewe. Akatoa jiwe. Limeganda, linatoa moshi wa baridi. Akalinyanyua juu watu wote walione. Halafu Ngosha, kutoka ng'ambo, akasema asiyesikia la Benki Kuu huvunjika guu. Walicheka wengine.

Na hapo, katikati ya ndoo, nikauona ushungi wa mama mkwe.

Amekuja kuwatazama samaki wake. Alilitazama jiwe. Akanitazama mimi. Akamwita Mwaija kwa sauti ndogo, ile ndogo ndiyo mbaya, akamwambia akafungashe nguo za watoto. Mungu wangu! Niliwaona watoto wangu wakipanda pikipiki na mabegi, nikaona wakwe wa Tabora wamekaa mbele ya sahani za wali mtupu. Nilitaka kuingia kwenye friza na kujifunika.

Mwaija hakwenda kufungasha. Alijifuta mikono kwenye kanga. Akavuka barabara, miguuni kandambili, ya kushoto imelika kisigino. Akamgonga Ngosha begani kwamba asimame. Ngosha akasimama. Mwaija akafungua lile sanduku kubwa la barafu.

Sato! Wanene! Wamelala kwenye barafu, wanang'aa! Wa mama yake wote, wametengwa upande wao, na upande wa pili sehemu ya kila mteja. Tangu Ijumaa alikuwa anawahamisha, beseni moja kila jioni mimi nikienda kuswali. Mahali ambapo mkono wa meneja haufiki. Mke wangu! Mwizi wangu!

Nililia. Sioni haya kuandika. Nililia mbele ya Dorotea. Mama mkwe aliwahesabu samaki wake mara mbili, akashusha pumzi, akamwambia Mwaija nguo za watoto zibaki kabatini. Kabatini! Sijawahi kusikia neno tamu kama hilo. Dorotea na wenzake walipata kila mtu sehemu yake, na kilichobaki wamesema watanidai mimi, tena kwa amani. Kwa amani ya Dorotea, lakini ni amani.

Queen alikuwa amesimama na mwavuli wake. Aliniambia taratibu kwamba huo pale, ng'ambo ya barabara, ndio ukwasi. Nikamwambia nimeelewa. Kweli nilielewa, nilikuwa natazama kabisa.

Kinachoniuma ni kimoja. Ngosha alijua wiki nzima! Mtu ambaye mdomo wake hauna breki, kafunga mdomo wiki nzima! Nikamuuliza malipo yake nini. Akasema meza ya mbele arusini, karibu na wakwe. Na mimi nimsukumie mkokoteni wa barafu mpaka atakaponihurumia.

Ijumaa, 19 Septemba

Abeid karudi. Anapiga honi tangu bondeni. Samaki amewauza vizuri sana, anasema, akapata biashara nzuri zaidi. Pikapu imejaa michembe. Viazi vikavu! Magunia mpaka juu!

Nilikaa kwenye jiwe, lile lile la friza. Lakini Dorotea alionja mmoja, akaonja wa pili, akasema michembe hii ni ya kwao kabisa, atapokea badala ya samaki wake. Wengine wakafuata. Jioni hakukuwa na kisoda hata kimoja mtaani. Ah, kifua kimefunguka. Nimekula ugali kwa mara ya kwanza tangu juzi, nikaomba na mwingine.

Nimesukuma mkokoteni wa Ngosha mpaka Kitangiri na kurudi. Amekaa juu yake.

Jumamosi, 20 Septemba

Arusi! Kila mtu na sato wake mzima, kichwa na mkia. Mzee mmoja wa Tabora alimgeuza wake upande wa pili kana kwamba anatafuta walikomshonea. Bi Maulida alipita kati ya meza kama anakagua gwaride. Najat kapendeza mpaka mashangazi wamelia.

Ngosha meza ya mbele, kavaa koti la mtu. Alikula sato wake, akala na wa jirani yake. Queen naye alialikwa na Mwaija. Safari hii alipokea samaki, maana arusi si benki. Alikula mpaka mifupa ikabaki safi.

Mama mkwe alikuja kwangu. Nikasimama, shikamoo mama. Marahaba, safari hii kanitazama usoni. Akasema Mungu kampa mkwe mpumbavu lakini kampa binti mwenye akili, kwa hiyo hesabu imelingana. Sijapata sifa kubwa kama hiyo katika nyumba ile. Nililala njia nzima kwenye bajaji, kichwa begani kwa Mwaija. Watoto miguuni. Wote tupo. Alhamdulillah.

Jumatatu, 22 Septemba

Nimepumzika, nimewaza kwa kina, na nimetambua kosa lilikuwa wapi.

Kosa ni kibao! Bila kibao hakuna kufutwa. Bila kufutwa hakuna chapati za Antoni. Watu walikuja mbio kwa sababu ya herufi moja tu, K. Pili ni umeme. Friza inakula LUKU kuliko shule inavyokula ada. Mwaija kaifunga kwa kufuli na ufunguo anatembea nao. Aifunge tu. Mimi nimeshapita hapo.

Kuku!

Kuku haozi. Hahitaji umeme. Na riba anataga mwenyewe! Banda lipo nyuma ya nyumba, halina maandishi hata herufi moja. Queen alisema lile neno haliandikwi hata kwenye banda la kuku. Mimi siandiki. Natii sheria mpaka mwisho.

Na amana ya kwanza imekuja yenyewe, sikuitafuta. Mama mkwe kaleta jogoo mwekundu, mkubwa, mpole. Anataka atunzwe mpaka Jumapili, Najat na mumewe watakapokuja kutembea, achinjwe kwa heshima yao. Kamkabidhi Mwaija mkononi. Mwaija kamwingiza bandani, kisha kaenda mwaloni.

Jogoo kukaa wiki nzima bila kazi ni hasara. Nimemkopesha Abeid. Ameshavuka naye daraja.